Kutoka Wodini Hadi Mgombani

Kazi yangu Uingereza ni kumfuata mtu. Mgonjwa anaruhusiwa kutoka wodi ya magonjwa ya akili Ijumaa jioni, na saa 72 zisipite kabla aliyekabidhiwa jina lake hajampata. Aliyekabidhiwa mara nyingi ni mimi. Cheo ni mratibu wa matunzo: nesi, ofisa ustawi wa jamii au mtu wa fani nyingine ya tiba, anayepewa watu ishirini, thelathini, pengine zaidi, akaambiwa kwamba sindano zao, vidonge vyao, pango la nyumba zao na ugomvi wao na majirani vyote viko juu yake. Nimeifanya miaka mingi na ninaipenda. Nilipopata likizo ndefu nilikuja Rungwe, wilaya niliyokuwa naijua kwa chai na ndizi tu, nikiwa na swali moja: huku mtu akitoka wodini, anayemfuata ni nani?

Njiani

Kutoka Uyole gari linapanda. Madirisha yanafungwa moja baada ya jingine mpaka Isongole, ambako baridi inakukuta kitini, kisha barabara inaanza kuteremka kuelekea Kiwira na mashamba ya viazi yanapisha migomba. Mkono wa kushoto, mawingu yakiruhusu, unauona mlima Rungwe, karibu mita 2,960. Pale Kiwira, kina mama wanakimbilia madirisha na mikungu ya ndizi na parachichi. Kisha chai, kijani kilichokatwa sawasawa hadi ukingo wa lami, na hatimaye Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg.

Mvua ya huku kwa mwaka inazidi milimita 2,000. London, ambayo dunia nzima inaisema kwa mvua, haifikishi 700. Nimeiandika hesabu hiyo mapema kwa sababu katika kazi hii mvua inahesabiwa pamoja na dawa. Masika yakikolea, njia za pembeni zinateleza, bodaboda anakataa kushuka bondeni, na aliyetakiwa kuchoma sindano Jumanne anaonekana baada ya wiki mbili, au haonekani. Kila niliyemwona kliniki alikuwa ameifunga kadi yake na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki, kisha akauviringisha tena kwenye kanga au ndani ya koti.

Siku ya kliniki

Zahanati niliyokaribishwa ina siku moja ya kliniki ya akili kwa mwezi. Benchi lilijaa kabla ya saa mbili asubuhi. Nesi, mama wa makamo ambaye wote wanamwita Sista, alikuwa na kaunta buku moja nene aliyoichora mistari kwa rula: tarehe, jina, kitongoji, ugonjwa, dawa, tarehe ya kurudi. Aliwaita mmoja mmoja, akiwaamkia wazee kwanza kwa Kinyakyusa, vijana kwa Kiswahili.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya benchi ilikuwa ya kifafa. Uingereza mwenye kifafa anakwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mimi sikutani naye kikazi. Tanzania kliniki ya akili ndiyo inayompokea, na mwenye kifafa anakaa bega kwa bega na anayesikia sauti na aliyeacha kula tangu afiwe. Nilidhani ni upungufu wa wataalamu tu. Wataalamu ni wachache kweli, lakini nilipokaa pale asubuhi nzima niliona mantiki yake: wote wale wanahitaji kitu kimoja, yaani dawa isiyokatika na mtu wa kuuliza mbona hujaja.

Tena Rungwe ina sababu yake ya kukijua kifafa. Mito inayoteremka kutoka milima hii kwenda Ziwa Nyasa, kina Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ina maji ya kasi, na maji ya kasi ndiyo makazi ya usubi, inzi mdogo anayeeneza minyoo inayosababisha upofu wa mtoni. Ukanda wa Tukuyu ni mojawapo ya maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa ugonjwa huo, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake hapa Tukuyu. Mahenge, kwenye eneo jingine la usubi, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu mwaka 1960, na watafiti waliomfuata wamekuwa wakieleza uhusiano kati ya minyoo hiyo na kifafa cha watoto.

Usubi umeiachia Rungwe kitu ambacho mimi Uingereza sina. Vijiji vilichagua wagawa dawa wao wenyewe. Mgawa dawa ni mkulima kama wenzake. Anapita nyumba kwa nyumba na Mectizan, vidonge vya minyoo hiyo, na kijiti chenye alama. Unasimama, anakupima urefu, alama inasema unywe vidonge vingapi, anaandika. Nilitembea na mmoja wao jioni moja. Alinitajia nyumba zote za kitongoji bila kufungua daftari: nani amesafiri Kyela kuvuna mpunga, nani mjamzito hapaswi kumeza, nyumba gani ina mtu ambaye hatolewi nje wageni wakija. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini. Nikamuuliza kama zahanati inajua. Akasema hajawahi kuulizwa.

Uingereza, kumpata mtu aliyefichwa chumbani kunahitaji barua ya daktari, simu zisizopokelewa, pengine amri ya mahakama na polisi mlangoni. Huku anajulikana, ila kumjua si kazi ya mtu yeyote.

Kwa nini Uingereza waliandika jina

Utaratibu wangu haukuzaliwa na ukarimu. Mwaka 1961 waziri wa afya Enoch Powell alitangaza kwamba hospitali kubwa za wagonjwa wa akili, majengo ya karne iliyotangulia yenye minara ya maji, zitafungwa. Zilifungwa polepole kwa zaidi ya miaka thelathini, na waliotolewa humo wengi waliangukia vyumba vya kupanga na barabarani. Mwaka 1991 serikali ikaagiza kila mgonjwa mwenye hali nzito awe na mpango wa matunzo ulioandikwa na mtu mmoja wa kuusimamia. Agizo likabaki hafifu. Desemba 1992, kwenye kituo cha treni cha Finsbury Park, London, Christopher Clunis, aliyekuwa akiugua skizofrenia, alimuua Jonathan Zito, mtu asiyemfahamu. Ripoti ya uchunguzi ya 1994 ilionesha jinsi alivyopita mikononi mwa hospitali na maofisa wengi, kila mmoja akimpokea na kumwachia mwingine. Wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu, wao ndio hudhuriwa, na magazeti ya Uingereza hayakulitenda haki jambo hilo. Hata hivyo, kesi ile ilifundisha kwamba mtu aliye mikononi mwa wote anaweza kuwa hayuko mikononi mwa yeyote. Tangu hapo jina la mratibu likaanza kutiliwa mkazo. Mwongozo wa 2019 umekuja kubadili vyeo na makaratasi, lakini mgonjwa wangu ukimuuliza nani anakushughulikia, bado anataja mtu.

Tanzania nayo ina waratibu wa afya ya akili, wa mkoa na wa wilaya. Mratibu wa wilaya anasimamia zahanati zote, takwimu zote, mafunzo yote, na mara nyingi bado yeye mwenyewe anaona wagonjwa. Mimi naratibu watu ishirini na kitu, yeye anaratibu halmashauri. Hawezi kumfuata mtu mmoja mgombani, hata angetaka, na niliozungumza nao wanataka sana.

Sisi Watanzania ndio tulioanza mapema kuwaza hivi, na hili nalisema kwa fahari. Hombolo, Dodoma, kulifunguliwa kijiji cha kilimo cha wagonjwa wa akili mwaka 1969, ili waliotoka hospitali ya akili ya Mirembe waishi na kulima badala ya kuzeekea wodini. Miaka ya 1980 mwanzoni, Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani walijaribu Morogoro na Kilimanjaro kuingiza huduma ya akili katika zahanati za kawaida, kwa wahudumu wa kawaida. Hapo Uingereza ilikuwa haijafunga hata nusu ya majengo yake. Kilichokosekana hakikuwa wazo.

Mgombani

Sista alinichukua kwa bodaboda kwenda kumwona kijana ambaye hakuonekana kwenye benchi. Tulishuka bonde, tukaacha pikipiki, tukaendelea kwa miguu kati ya migomba mirefu kiasi kwamba mchana ulikuwa na giza. Mama wa nyumba alikuwa anamenya ndizi. Aliposikia sauti ya Sista alinyanyuka, akaosha mikono, akatuletea viti viwili vya mbao, yeye akakaa kwenye gogo. Baada ya salamu zote, na zilikuwa ndefu, Sista akasema, "Mama, hatukumwona mwanetu kliniki."

"Nauli ilikuwepo, Sista. Mvua."

Kijana alikuwa ndani, akatoka, akatuamkia vizuri. Alichomwa sindano yake ya mwezi pale pale jikoni, karibu na jiko la mafiga, kwa kuwa ndipo penye mwanga kutoka mlangoni. Sista aliuliza usingizi, mikono kama inatetemeka, kama ulimi unakuwa mzito. Kijana akajibu mwenyewe. Kisha nikamuuliza mama: ukiona nini unajua hali inarudi?

Hakufikiri. Alisema kwanza anaacha kuwaamkia wakubwa. Baada ya siku mbili anaanza kufua nguo zake usiku, hizo hizo, hata zilizo safi. Akifika kwenye kufunga redio kwa kamba, hapo ni kumwita mjomba wake wa Masoko, maana huyo ndiye anayemsikiliza, si baba.

Uingereza swali hilo lina fomu yake. Mgonjwa, ndugu na mratibu wanakaa kikao, wanajaza dalili za mwanzo, za kati na za hatari, na nani apigiwe simu kwa kila hatua. Nimejaza nyingi, na nyingi zilikuwa duni kuliko maneno ya mama yule, kwa sababu ndugu hawakuwepo kikaoni au hawakuwepo kabisa. Hapa dalili zote tatu na simu ya kupiga zilitoka kinywani mwa mtu mmoja akiendelea kumenya ndizi. Lakini hazikuwa zimeandikwa popote. Kwenye kaunta buku ya Sista palikuwa na jina, ugonjwa na dawa. Mama yule amezeeka, magoti yanamsumbua, na siku akiondoka maarifa yale yote yataondoka naye, na kijana atakuwa mstari mmoja wenye tarehe ya kurudi.

Nilimwambia Sista hivyo njiani tukipanda. Akasimama kuvuta pumzi. "Dada, najua. Hao mama zao ndio waratibu wangu."

Majirani

Yapo maandishi ya zamani kuhusu watu wa hapa ambayo nilikuwa nimeyasoma kabla ya kuja. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, na Monica akaandika vitabu vyake baada ya mume kufariki. Anaeleza jinsi vijana wa rika moja walivyotoka kwenye boma la baba zao na kujenga kijiji chao, wakazeeka humo pamoja. Kuishi na kula na wenzako ndiko kulikokuwa uungwana, na hasira ya pamoja ya majirani iliaminika kuwa inaweza kumletea ugonjwa aliyewakosea. Anaandika pia kwamba taratibu za msiba zilifuatwa kwa uangalifu mkubwa kwa hofu kwamba mfiwa asiyezitimiza atapata wazimu. Mary Douglas alilichukua jambo hilo katika kitabu chake cha 1966 kuhusu usafi na unajisi, na ndiko nilikokutana nalo mara ya kwanza.

Vijiji vya rika havipo tena. Msiba upo. Nilihudhuria kilio kimoja karibu na Katumba, na sikuwahi kuona watu wengi hivyo wakiacha kazi zao kwa siku kadhaa: wanaume nje kwenye moto, wanawake ndani na mfiwa, zamu za kupika, daftari la michango likisomwa kwa sauti. Mfiwa hakuachwa peke yake hata kwenda chooni. Nikakumbuka mazishi ya mgonjwa wangu mmoja kaskazini mwa Uingereza. Tulikuwa mimi, mfanyakazi wa hosteli yake na mchungaji aliyekuwa anasoma jina kwenye karatasi. Nilikuwa nimetimiza kila kipengele cha mpango wake wa matunzo. Hakuna kipengele kilichosema awe na mtu wa kumlilia.

Sitaki kuupamba mgomba. Majirani hao hao waliomzunguka mfiwa ndio waliokubali, kwenye nyumba nyingine, kwamba binti afungwe kamba kifundoni kwa sababu anatembea usiku. Kovu nimeliona, lilikuwa limeshika rangi nyeusi inayong'aa. Familia haikuwa na ukatili. Ilikuwa na mto karibu, kazi ya chai asubuhi, na hakuna wa kumkesha. Walishapita kwa mganga, wakapita kwenye maombezi, kila mahali wakaacha fedha, na hospitali ikawa ya mwisho. Tangu aanze dawa kamba imening'inia kwenye msumari ukutani. Baba yake alisema hajaitupa kwa sababu dawa huwa zinaisha zahanati. Huduma ya magonjwa haya imo kwenye msamaha wa malipo, lakini msamaha haukusaidii kabati likiwa tupu, na duka la dawa linataka fedha taslimu.

Na sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Uingereza ilikifuta chake mwaka 1961, na Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza cha kwao kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Mratibu anayetaka familia imwambie ukweli anaanza kazi na kizuizi hicho mdomoni mwao.

Benchi na jiko

Zimbabwe, kuanzia 2006 Mbare, Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa kuketi na mtu kwenye benchi la mbao na kumsaidia kuyachambua matatizo yake moja moja. Majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionesha kwamba dalili za sonona zilipungua zaidi kwa waliokaa kwenye benchi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Kwa sonona na mawazo mazito ninauamini kabisa. Rungwe benchi la nje halitakaa kavu, kwa hiyo itakuwa jikoni, na wazee wa kike wa kuifanya kazi hiyo wapo kila kitongoji. Ila bibi wa benchi anakusubiri uje. Binti wa kamba na kijana wa redio hawatakuja wenyewe wakati wanapohitaji zaidi. Lazima mtu awafuate.

Mtu huyo anaweza kupatikana. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji, wenye mafunzo na posho. Mama na mtoto, malaria, kifua kikuu, lishe: mizigo yao ni mingi tayari. Maoni yangu ni kwamba wasiongezewe fomu ya afya ya akili ya kurasa nane kama yangu. Waongezewe majina. Kila mtu anayetoka wodini, awe anatoka hospitali ya Makandana hapa Tukuyu, hospitali ya kanda Mbeya au Mirembe, atoke na jina la mhudumu mmoja wa kitongoji chake, mhudumu apigiwe simu siku hiyo hiyo, na amwone ndani ya siku tatu. Hicho tu ndicho ninachokiona kinastahili kusafirishwa kutoka Uingereza. Kompyuta, ambayo inanila nusu ya siku, ibaki huko.

Kaunta buku

Siku niliyokwenda kuaga, Sista alikuwa ameshachora safu mpya mbili kwenye kaunta buku, kwa kalamu nyekundu. Moja ameiandika "Anayemfuata", nyingine "Dalili". Tulikaa kuzijaza kwa waliokuja mwezi huo. Kwa wengi safu ya kwanza ilikuwa mama au dada, na chini yake akaandika mtu wa pili asiye ndugu: mgawa dawa wa usubi, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kitongoji, kwa mmoja dereva wa bodaboda anayemleta bure kila mwezi. Kwa binti wa kamba alimwandika mgawa dawa, yule niliyetembea naye, kisha akampigia hapo hapo kumwambia. Alikubali. Akauliza kama zahanati itamlipia vocha na nauli ya kwenda ng'ambo ya mto.

Sista akamjibu atamtumia kwenye simu, na akamtumia, kutoka akaunti yake mwenyewe. Wapo saba kwenye orodha hiyo ambao hakuna ndugu wala jirani aliyekubali kuandikwa. Hao ameandika jina lake.